Mfamasia Anajibu: Karatasi ya Lishe ya Mshipani Inaporudishwa

Toleo lililopita lilipotaja kwa ufupi wagonjwa wanaolishwa kwa njia ya mshipa, yaani wale ambao utumbo wao hauwezi kupokea wala kusharabu chakula na hivyo hutundikiwa mfuko wenye sukari, asidi amino, mafuta, madini na vitamini, sikutarajia barua nyingi kiasi hiki. Karibu zote zinamtaja mfamasia, baadhi kwa shukrani na baadhi kwa malalamiko. Nimechagua tano, na naomba radhi kwamba ya daktari wa Mombasa imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine; ndiyo iliyonigusa mwenyewe.

Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa utumbo baada ya kuugua miezi kadhaa, amekonda hadi nguo hazimkai. Kwa wiki mbili hakuwa amekula kitu cha maana. Daktari alipoandika lishe ya mshipani tulishukuru Mungu, lakini mfamasia akaja akasema siku ya kwanza apewe kidogo, kama robo tu ya ile iliyoandikwa. Je, dawa zilikuwa zimepungua hospitalini? Mwenye njaa anaongezewa njaa? — Dada wa mgonjwa, Mbeya

Pole sana dada kwa kuuguza. Naamini dawa hazikuwa zimepungua, na mdogo wako hakunyimwa haki yake. Alichofanya mfamasia huyo ni kumkinga mgonjwa asidhuriwe na chakula chenyewe, jambo ambalo linasikika kama kichekesho mpaka mtu alishuhudie.

Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu huacha kutegemea sukari, ukaanza kuchoma mafuta na misuli yake wenyewe, na katika kipindi hicho akiba ya fosfati, potasiamu na magnesiamu iliyomo ndani ya seli hupungua hata kama vipimo vya damu bado vinasoma kawaida. Sukari ikimiminwa ghafla mshipani, insulini hupanda, na insulini huiingiza sukari ndani ya seli pamoja na madini hayo matatu, kiasi kwamba damu hubaki na upungufu mkubwa wa ghafla. Misuli ya kupumulia hulegea, mapigo ya moyo huvurugika, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza jana anaweza kupoteza fahamu leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia madaktari waliona watu waliokombolewa kutoka kambi za njaa wakifa baada ya kula, si kabla yake.

Huku kwetu hekima hiyo imo wodini tangu zamani, ila kwa jina jingine. Mama aliyewahi kulazwa na mtoto mwenye utapiamlo mkali anakumbuka kwamba mtoto haanzishiwi maziwa mazito: huanza na F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, na hupandishwa F-100 hali yake ikishatulia.

Kwa mtu mzima hesabu inakwenda hivi. Mwongozo wa Uingereza uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2006 unamhesabu mgonjwa kuwa katika hatari kubwa ikiwa uwiano wa uzito wake na urefu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) uko chini ya 16, au amepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito katika miezi 3 hadi 6, au amekaa zaidi ya siku 10 bila kula cha kutosha, au madini hayo matatu yako chini kabla hata ya kuanza kulishwa. Lolote kati ya hayo linatosha. Tuchukue mtu mwenye urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 42. Uwiano wake ni 14.5. Akiandikiwa kilokalori 2,000 siku ya kwanza, atakuwa anapokea zaidi ya 47 kwa kila kilo, ilhali mwongozo unataka aanze na zisizozidi 10, yaani 420 kwa siku, kisha apandishwe taratibu katika siku nne hadi saba huku damu ikipimwa kila siku. Robo uliyoisikia, dada, ilikuwa na ukarimu kidogo.

Muulize pia mfamasia kama mdogo wako alidungwa thiamini, ile vitamini B1, kabla ya mfuko kuanza. Sukari haiwezi kutumika vizuri mwilini bila vitamini hiyo. Mwaka 1997, vitamini za kudunga zilipoadimika Marekani, walikuwapo wagonjwa waliolishwa kwa mshipa bila vitamini hizo, damu yao ikajaa asidi ya laktiki, na chanzo kikagunduliwa kuwa ni upungufu wa thiamini. Ninalitaja kwa sababu mifuko ya vyumba vitatu inayotoka kiwandani ikiwa tayari, ambayo ndiyo inayofika katika hospitali zetu nyingi, huja bila vitamini ndani yake. Mtu asiyejua hudhani mfuko umekamilika.

Mimi ni daktari katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Karatasi yangu ya lishe ilirudishwa na mfamasia mara tatu kwa siku moja, mbele ya wauguzi. Kwanza aliuliza kwa nini mgonjwa asilishwe kwa mpira wa puani. Kisha akasema mchanganyiko ni mkali mno kwa kanula ya mkononi. Mwisho akakataa kalsiamu na fosfati nilivyoziandika. Naiheshimu kazi yake, lakini nani anayeandika dawa hapa? — Daktari, Mombasa

Daktari, umenieleza sababu zote tatu, na nakushukuru kwa uungwana huo, kwani wengi huniandikia hasira peke yake. Nitaanza na lile ambalo nakubaliana nawe: kurudisha karatasi mbele ya watu si ustaarabu. Simu moja ingetosha, na kama mfamasia huyo anasoma hapa, naomba alichukue hilo kwa nia njema.

Sababu ya kwanza alikuwa nayo. Utumbo unaofanya kazi, hata nusu yake, ni njia salama kuliko mshipa wowote, kwa sababu mshipa hauna tumbo la kukataa wala ini la kuchuja kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa mahututi 4,640, ambapo waliocheleweshewa lishe ya mshipani hadi siku ya nane walitoka mapema na kupata maambukizi machache kuliko walioanzishiwa ndani ya saa 48. Utafiti huo haukuwachukua waliokonda kupita kiasi, kwa hiyo haumhusu mdogo wa yule dada wa Mbeya, lakini kwa mgonjwa aliyekuwa na afya nzuri hadi juzi, swali la mfamasia, "Kwa nini asilishwe kwa mpira wa puani?", ni swali la kitabibu kabisa.

Sababu ya pili ni hesabu ya dakika moja, na ningependa uijue kwa kichwa. Kila gramu ya glukosi huongeza takriban miliosmoli 5 (kipimo cha ukali wa mchanganyiko), na kila gramu ya asidi amino takriban 10. Ukiandika lita moja yenye gramu 150 za glukosi na gramu 50 za asidi amino, umeshafika 1,250 kabla ya kuweka chumvi yoyote, ilhali kikomo kinachokubalika kwa mshipa wa mkononi ni kama 900 kwa lita. Mshipa huo mdogo utawaka, utavimba, na mchanganyiko ukivuja nje unaweza kuozesha nyama. Ama uzimue, ama uombe mrija wa kufika mshipa mkuu ulio karibu na moyo, ambako damu nyingi huuzimua mchanganyiko papo hapo.

Sababu ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Kalsiamu na fosfati zikikutana kwa wingi kuliko inavyopasa hugandana na kuwa chembe ngumu kama chokaa, na chembe hizo husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba mishipa yake midogo. Mwezi wa Aprili 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa nchi nzima baada ya vifo viwili na matukio mengine ya kushindwa kupumua yaliyohusishwa na mchanganyiko wa namna hiyo. Mafuta yakishaingia, mfuko huwa mweupe kama maziwa na chembe hazionekani tena, hivyo macho ya muuguzi hayawezi kumwokoa mgonjwa. Kinachomwokoa ni hesabu iliyofanywa kabla ya kuchanganya, fosfati kutangulia na kalsiamu kuja mwishoni ikitikiswa vizuri, na chujio la mikroni 1.2 kwenye mpira.

Kuna jambo linalowashangaza hata wafamasia wanafunzi. Tumezoea kwamba sukari huyeyuka upesi katika chai ya moto kuliko katika maji baridi, na tunadhani kila kitu ni hivyo. Kalsiamu na fosfati ni kinyume: joto likipanda ndipo zinapogandana zaidi. Mfuko uliotoka kwenye jokofu ukiwa safi unaweza kubadilika ukitundikwa katika wodi ya Mombasa mwezi wa Februari. Kwa hiyo mfamasia anapokataa kipimo ambacho kitabu kimekiruhusu kwa mchanganyiko ulio katika nyuzi joto nyingine, usidhani anakutafutia makosa.

Halafu kuna suala la chumvi yenyewe, yaani aina ya kalsiamu inayotumika. Ampuli ya mililita 10 ya kalsiamu glukonati ya asilimia 10 ina takriban milimoli 2.3 za kalsiamu. Ampuli ya ujazo uleule na asilimia ileile ya kalsiamu kloridi ina takriban milimoli 6.8, yaani karibu mara tatu, na kloridi hugandana na fosfati upesi zaidi. Nikiwa mfamasia mchanga, katika hospitali nisiyoitaja, nilipitisha karatasi iliyoandikwa "kalsiamu mililita 10" bila kuuliza ni ipi. Mwenzangu aliyekuwa akichanganya ndiye aliyeinua ampuli mbili mbele ya dirisha akaniuliza, "Kaka, unataka hii au hii?" Sijawahi kuandika wala kupitisha mililita peke yake tangu siku hiyo. Andika milimoli, andika jina zima la chumvi, na andika kwa kila siku, si kwa kila lita.

Sasa, nani anayeandika? Wewe. Uingereza imewaruhusu wafamasia waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa kwa uhuru tangu mwaka 2006, na baadhi yao huandika lishe ya mshipani, lakini hata huko kanuni nzuri ni kwamba aliyeandika asiwe ndiye anayejikagua. Thamani ya mfamasia haitokani na kujua zaidi yako. Inatokana na kuwa mtu wa pili. Na mtu wa pili naye hukosea. Mwaka 2006 katika jimbo la Nevada, Marekani, zinki ya mtoto njiti iliyoandikwa kwa mikrogramu iliingizwa katika kompyuta ya famasi kwa miligramu, kipimo kikawa mara elfu moja, na mtoto akafariki. Kosa hilo lilianzia famasi na likapita mikononi mwa wafamasia. Ndiyo sababu nakuomba, mfuko ukirudi wodini, usome lebo yake na kuilinganisha na karatasi yako, kisha ukikuta jambo la ajabu uurudishe. Hata mara tatu.

Huko Uingereza pia, chombo kinachochunguza vifo na huduma za wagonjwa, NCEPOD, kilipitia kumbukumbu za watu wazima waliolishwa kwa mshipa na kutangaza mwaka 2010 kwamba ni asilimia 19 tu ndio waliopata huduma iliyostahili kuitwa nzuri. Nchi yenye wafamasia na maabara za kutosha ilipata asilimia 19. Mimi hiyo tarakimu huwa naitumia kwa wote wanaodhani lishe ya mshipani ni dripu kama nyingine.

Mgonjwa ana njia moja tu ya mshipani na mfuko wa lishe unaendelea. Ameandikiwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, na potasiamu yake imeshuka. Naweza kupitisha dawa hapohapo, na kuongeza ampuli ya potasiamu ndani ya mfuko? — Muuguzi, Kigoma

Hapana kwa yote mawili, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kuuliza kabla.

Seftriaksoni hugandana na kalsiamu, na mifuko mingi ya lishe ina kalsiamu. Kwa mtoto wa siku 28 au pungufu anayepewa kalsiamu mshipani, dawa hiyo haitumiki kabisa, hata kwa njia nyingine ya mshipa, kwa kuwa watoto wachanga wamewahi kufa kwa mchanganyiko huo; mwombe daktari achague dawa nyingine. Kwa wakubwa zaidi, viwili hivyo havipiti pamoja kamwe: ama njia iwe nyingine, ama mfuko usimamishwe na mpira usafishwe vizuri kwa maji ya chumvi kabla na baada ya dawa.

Potasiamu ikiongezwa katika mfuko uliokwisha kutundikwa haichanganyiki sawasawa. Hujikusanya chini na kumfikia mgonjwa kwa mkupuo, na moyo haustahimili hilo. Chumvi ya ziada inaweza pia kuyatenganisha mafuta, na ukiona utando wa mafuta ya manjano unaelea juu ya mfuko, usimwekee mgonjwa. Zaidi ya hayo, kila unapochoma mfuko unafungua mlango kwa vijidudu vinavyoipenda sukari na asidi amino kuliko tunavyozipenda sisi. Mwaka 2011 katika jimbo la Alabama, Marekani, wagonjwa 19 waliambukizwa kutokana na mifuko iliyochafuliwa na vijidudu wakati wa kutengenezwa, na 9 kati yao walifariki, na hao walikuwa wametengenezewa famasi, si kando ya kitanda. Potasiamu ipite kwa njia yake na mashine yake, na mfamasia ataibadilisha katika mfuko wa kesho.

Nyongeza mbili ambazo hukuziuliza. Usichote damu ya kipimo kutoka kwenye mrija unaopitisha lishe: sukari na potasiamu zitasoma juu sana, mtu atadungwa insulini asiyoihitaji, na sukari yake halisi itaanguka. Na mfuko ukiisha kabla mpya haujafika, usifunge tu. Piga simu famasi, na kwa ruhusa ya daktari tundika glukosi ya asilimia 10 ili sukari isishuke ghafla, hasa kwa watoto.

Mwanangu alizaliwa njiti, ana kilo moja na gramu mia mbili. Mfuko wake wa chakula wamefunika kwa kitambaa cheusi, na mimi naambiwa nikamue maziwa hata matone. Kwa nini wafiche chakula chake, na matone yanamsaidia nini ikiwa analishwa kwa mshipa? — Mama wa njiti, Morogoro

Hongera mama, na mwanao aendelee kukua. Hawakufichi kitu. Mwanga ukipiga vitamini na mafuta yaliyomo mfukoni hutengeneza sumu ndogondogo ambazo mwili wa njiti hauna nguvu ya kuziondoa. Shirika la dawa la Ulaya lilipendekeza mwaka 2019 kwamba lishe ya mshipani ya watoto walio chini ya miaka 2 ikingwe dhidi ya mwanga, mfuko na mipira yake pia.

Matone yako ndiyo yanayouamsha utumbo. Kila maziwa yanapoongezeka, mfamasia na daktari hupunguza mfuko kwa kiasi kilekile, kwa sababu mwana wa kilo 1.2 hana nafasi ya maji ya ziada, na sindano ya mililita moja kwake ni jambo zito. Ukikamua zaidi leo, waambie mapema asubuhi kabla karatasi ya mfuko haijaandikwa. Usione haya kuwasumbua.

Nikichoka na kazi huenda duka la dawa kutundikiwa dripu ya nguvu, ile ya njano yenye vitamini. Je, ndiyo lishe ya mshipani mnayoizungumzia? — Msomaji, Tanga

Siyo. Nusu lita ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25, sawa na vijiko sita hivi vya chai, na nguvu yake ni takriban kilokalori 85. Lita nzima ni 170, ambazo chapati moja yenye mafuta inazizidi. Rangi ya njano ni vitamini za kundi B, na figo zenye afya hutoa sehemu kubwa yake kabla hujalala. Unachokipata kwa hakika ni tundu mshipani, pamoja na hatari ya mshipa kuvimba, ya maambukizi na ya mzio, na duka la dawa si mahali pa kukabili mojawapo ya hayo.

Uchovu unaokurudisha kila mara una sababu, na sababu za kawaida kwetu ni upungufu wa damu, kisukari, malaria, mimba kwa wanawake, au usingizi mchache. Nenda kituo cha afya, uombe kupimwa wingi wa damu na sukari kabla ya kunywa chai asubuhi. Majibu yakitoka, niandikie tena, na uniambie pia unatumia dawa gani nyingine nyumbani.